Pikipiki Kama Ilivyotoka Dukani

Jumapili, 9 Machi

Naanza kuandika leo kwa sababu moja tu: Odhiambo ni mwizi, na siku nitakayomkamata nataka niwe na tarehe mkononi, si maneno ya "nadhani" na "nilisikia".

Si mwizi wa mali. Mwizi wa mwendo. Leo raundi ya kwanza amemaliza wa kwanza, mimi wa nne, na pikipiki zetu ni ndugu. Aina moja, duka moja, hata rangi ya tangi ni moja. Basi mbona yake inatoka kwenye kona imechangamka na yangu inatoka ikijikokota?

Ligi yetu ni ya pikipiki za duka. Hatukimbii na zile zinazoundwa moja moja kwa ajili ya bingwa. Unakuja na ile ile uliyobebea abiria Jumamosi. Masharti ni kwamba iwe aina inayouzwa kwa mtu yeyote anayeingia dukani, na injini iwe ndani kama ilivyotoka huko. Matairi badili, pedi za breki badili, cheni na meno yake badili, shoki, zile springi za nyuma, badili. Injini usiguse. Bi Pascalia, mkaguzi wetu, alipita mwanzoni mwa msimu akafunga boliti za kila injini kwa waya, akaubana kwa sili, muhuri mdogo wa risasi, akapaka juu rangi nyekundu ya kucha. Ukikata waya, umejikata mwenyewe.

Bingwa anapewa pikipiki mpya. Hiyo ndiyo naitaka. Kila jioni nampelekea Mzee Kiponda ufunguo wa pikipiki yake, hii ninayoendesha, pale Mtopanga. "Shikamoo mzee, ufunguo huu." Naye huinama akaikagua mbele na nyuma, akagusa hata taa, ndipo aitikie marahaba. Nataka jioni moja nifike nyumbani, niuweke ufunguo juu ya kabati langu, nilale.

Jumatano, 12 Machi

Joto. Abiria wachache. Sina la kuandika ila Odhiambo bado ni mwizi.

Jumapili, 30 Machi

Mvua imeanza leo leo, na ikaanza juu ya vichwa vyetu. Ile yadi ya makontena huko Changamwe tunakoshindania haina mfereji, maji yanasimama kwenye kona mbili za nyuma. Nimekuwa wa tano. Wa tano! Odhiambo wa pili.

Sasa nitaeleza kwa nini huo wa pili wake unaninukia. Kwetu mshindi hubebeshwa mzigo. Ukishinda, raundi inayofuata unafungiwa vyuma chini ya kiti, ili aliyewazidi wenzake asizidi kuzidi. Wa pili habebi kitu. Leo Odhiambo alikuwa na vyuma vya ile raundi ya kwanza, na mzunguko wa mwisho alikuwa mbele. Nikamwona kwa macho yangu anapunguza, anampisha yule kijana wa Likoni, anaridhika na wa pili. Mtu anayepunguza ni mtu mwenye akiba. Hiyo akiba imetoka wapi kama injini ni ya duka?

Nikamwendea Bi Pascalia nikamwambia amtazame vizuri. Akanijibu bila kuinua uso, "Kache, ukimshuku mtu njia unaijua."

Naijua. Njia ni kuomba badili. Hatuandikiani barua hapa, wala hatusemani pembeni. Unasimama mbele ya wote, unasema namtaka fulani tubadilishane. Raundi hiyo unakimbia na pikipiki yake, yeye anakimbia na yako, mradi ziwe aina moja. Pointi zinamfuata mtu. Mkimaliza, mkaguzi anakuuliza kama umeridhika. Ukisema umeridhika, mnapeana mikono na sili zinabaki. Ukisema hujaridhika, injini zinafunguliwa, zote mbili. Na unaomba mara moja tu kwa msimu.

Bi Pascalia ni mtu wa bara, Odhiambo naye wa bara. Mimi sisemi kitu. Naandika tu.

Jumapili, 6 Aprili

Baada ya ibada nilipita Mjambere kwenye gereji ya mdogo wangu Munga, ndiye fundi wangu. Nikamlilia hasira zangu zote. Pointi ishirini na moja nyuma, raundi nne zimebaki. Munga alikuwa anasugua plagi, ananisikiliza tu, si kawaida yake.

Akaniuliza, "Dada, hiyo pikipiki waitaka kweli?"

"Kuliko chakula," nikamwambia.

"Haya," akasema, akarudia plagi yake.

Namshukuru Mungu kwa Munga. Wote hawa wangekuwa kama yeye nisingekuwa na haja ya kuandika.

Jumamosi, 12 Aprili

Injini inavuja oili. Munga anasema ni gasketi ya bloku. Nimempigia Bi Pascalia, maana sili haikatwi bila yeye. Atakuja Jumatano.

Jumatano, 16 Aprili

Bi Pascalia kafika na koti la mvua na mfuko wa vifaa vyake. Akakata waya mwenyewe, akakaa kwenye benchi akimtazama Munga akifungua. Kaa hivyo hivyo mama, nikasema moyoni, utazame, siku nyingine umtazame na Odhiambo hivyo.

Bloku ilipokuwa imetoka, mvua ikashuka, si ya mchezo. Bati la Munga linavuja pale pale juu ya benchi. Bi Pascalia akasimama haraka na mfuko wake, akakimbilia kibarazani kwa jirani. Munga akaniambia, "Dada, kabla haijazidi, katununulie mahamri kwa Fancy. Na mbaazi."

"Katikati ya kazi?"

"Njaa haingoji."

Nikaenda nimejifunika gunia. Fancy alikuwa bado anakaanga, nikasubiri, tukapiga soga. Niliporudi Munga alikuwa anakaza boliti za mwisho na Bi Pascalia anajipangusa miguu mlangoni. Akafunga waya, akabana, akapaka rangi yake ya kucha. Mahamri tukala wote watatu. Yeye alikula matatu. Watu wa bara wakionja mahamri ya Kisauni hawana haya.

Jumapili, 27 Aprili

NIMESHINDA.

Sijui niandike vipi. Nilianza safu ya tatu. Kwenye ule mstari mrefu usio na kona kando ya ukuta nikafungua mafuta yote na nikaona migongo ya wenzangu inanijia mmoja mmoja. Nikampita yule wa Likoni. Nikampita Odhiambo na maji yakamrukia usoni. Haki ya Mungu, nilicheka ndani ya helmeti.

Ni moyo. Nilikuwa naogopa mvua, sasa siogopi, basi. Munga hakurukaruka kama wengine. Alinishika bega akasema, "Umefika, dada." Macho yalikuwa mekundu. Kumbe ana mapenzi hivi na mimi.

Odhiambo wa pili tena. Aliposhuka hakunipa mkono mara moja. Alisimama kando ya pikipiki yangu, injini bado inanguruma, ameinamisha sikio upande wa ekzosi. Anatafuta nini pale?

Ijumaa, 2 Mei

Mzee Kiponda ameniita ndani leo, hakuchukua ufunguo mlangoni. "Binti yangu, hii pikipiki yaniletea maswali. Mbona yanywa mafuta siku hizi?"

Nikamwambia ni mvua, barabara ni mbovu, nazunguka sana. Akaguna. Lakini amesema kweli, nami nimeona. Mafuta ya siku nzima yanaisha saa kumi. Kuna mtu ananyonya tangi langu. Ama ni wale wa kituo cha mafuta wananipunja, ama kuna mkono wa mtu pale stejini tunapongojea abiria. Kesho natia kufuli kwenye kifuniko.

Jumamosi, 3 Mei

Nimetia kufuli. Mafuta yameisha saa kumi.

Jumapili, 11 Mei

Nimeshinda tena, na vyuma nimebebeshwa. Odhiambo wa tatu. Wa tatu! Amepunguza tena, nina hakika, anajifanya mnyonge ili raundi ya mwisho atoke na akiba yake yote.

Nilipokuwa nakunywa maji akanijia polepole, helmeti kwapani. "Sista, hiyo ndinga yako inalia vingine siku hizi."

"Inalia vipi?"

"Nzito. Kama imekula."

"Imekula wewe," nikamwambia. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akanitazama muda, namna ya mtu anayesoma saa ya mbali, akaenda zake.

Jumatatu, 19 Mei

Hili lazima niliandike. Jana mchana nilipita Mjambere bila kumwarifu Munga, nikakuta pikipiki ya Odhiambo imeegeshwa nje ya gereji. Odhiambo! Avuke daraja kutoka Changamwe kuja kufanya nini kwa fundi wangu? Walikuwa ndani, wanaongea chini. Munga amekaa juu ya tairi, kichwa mikononi. Waliponiona wakanyamaza wote. Odhiambo akasema alikuwa anatafuta kebo ya klachi, akaaga.

"Kebo gani?" nikamuuliza Munga.

"Kebo tu, dada."

"Amekuahidi nini?"

Akainua uso kama nimempiga kofi. "Hajaniahidi kitu. We, yaani wanifikiria hivyo?"

Simfikirii. Lakini mtu wa damu yangu anakaa na adui yangu, ananyamaza nikiingia. Usiku nimelala na ufunguo wa kufuli la tangi chini ya mto. Hata Munga sasa. Loo.

Jumapili, 25 Mei

Nimeshinda. Odhiambo wa pili. Ananizidi pointi mbili tu, na raundi imebaki moja. Atakayemtangulia mwenzake tarehe nane ndiye bingwa. Basi nimeamua, na sitamwambia yeyote mpaka sikukuu ya Madaraka, Jumapili ijayo.

Jumapili, 1 Juni

Leo tulikutana yadini kuzibua maji na kusawazisha kona za nyuma kwa ajili ya mwisho. Nikasimama juu ya kreti la soda. Nikasema, "Mimi Kache, raundi ya mwisho namtaka Odhiambo. Tubadilishane."

Watu wakapiga mluzi. Bi Pascalia akaandika. Odhiambo alikuwa na jembe mkononi. Aliliweka chini taratibu.

Alinifuata mpaka langoni. "Sista, rudi useme umeghairi. Nakuomba tu. Mimi sitakudai kitu, tukimbie kila mtu na yake, ukinipita umenipita."

"Unaogopa."

"Ndiyo, naogopa. Lakini sio venye unadhani."

Sikumpa nafasi ya kumaliza. Mtu safi haogopi kubadilishana. Nilimwambia hivyo mbele ya watu, na kwa sauti.

Munga naye, nilipomweleza, akaangusha spana. "Usibadilishane, dada. Kwa nini wataka kuharibu? Unashinda!"

"Nashinda, lakini yeye ana akiba. Nitaikalia hiyo akiba yake niijue."

Akatoka nje kwenye mvua akasimama tu huko. Sasa nina hakika wanajua kitu wote wawili. Wiki moja tu.

Alhamisi, 5 Juni

Mvua. Munga hapokei simu.

Jumapili, 8 Juni

Nitaandika kwa mpangilio, hata kama sitaki.

Tulibadilishana funguo mbele ya Bi Pascalia. Odhiambo aliniambia kitu kimoja tu, "Kiti nimekishusha, utazoea. Kwa kona iachie tu, inajua yenyewe."

Tukaanza. Kwenye ule mstari mrefu nikafungua mafuta yote, nikangoja ile nguvu yake ya wizi. Haikuja. Nikakunja mkono mpaka mwisho kabisa, nikalala juu ya tangi. Hakuna kitu. Ilikwenda kama pikipiki yangu ilivyokuwa ikienda mwezi wa tatu, kama pikipiki yoyote iliyotoka dukani. Yule wa Likoni akanipita akanipungia.

Halafu kona ya kwanza ikaja, na nikaelewa. Shoki ilikaa, tairi likashika, na nilipotoka meno ya cheni yakashika pale pale pa kuondokea. Kila kitu kilichoruhusiwa kubadilishwa, Odhiambo alikuwa amekibadilisha kwa akili. Ndicho hicho basi, akiba yake yote ni hiyo. Kwenye kona nikampita tena yule wa Likoni bila hata kujikaza.

Mbele yetu alikuwepo mmoja tu, Odhiambo juu ya pikipiki ya Mzee Kiponda.

Tulipoingia mstari mrefu mara ya pili nikaisikia. Sikuwahi kuisikia kutoka nje. Mtu hukaa juu ya sauti yake hasikii. Ilikuwa inanguruma chini, nzito, kama lori dogo. Kama imekula. Na ilikuwa inanikimbia mstarini huku mwenye kuiendesha amekaa wima, hata hajainama.

Mafuta ya Mzee Kiponda. Mahamri. Munga juu ya tairi, kichwa mikononi. Yote yalinijia pale nikiwa kwenye mwendo, na nikataka kusimama nishuke, lakini nyuma yangu watu wanakuja.

Basi Odhiambo akafanya nini? Akaanza kupunguza mafuta. Kila tukifika mstarini nilimwona mkono wake unarudi. Alikuwa anaificha. Anaiendesha kama ya duka, watu wasione. Kwenye kona anapanuka kidogo, mstarini anaachia, mpaka mzunguko wa mwisho nikawa ubavuni mwake. Nikamtazama. Hakunitazama. Akaachia tena, nikapita, nikavuka mstari wa mwisho wa kwanza.

Yadi nzima ikalipuka. Bingwa! Bingwa wa msimu! Pikipiki mpya ilikuwa pale pale imevalishwa leso, ufunguo unaning'inia. Walinibeba. Bi Pascalia akaja na mfuko wake, akangoja kelele zishuke.

"Kache, umeridhika?"

Neno moja tu. Nikisema nimeridhika, sili zinabaki, tunapeana mikono, na jioni hii ufunguo unalala juu ya kabati langu. Odhiambo alikuwa anafuta helmeti yake iliyokuwa tayari kavu. Alikuwa amekwisha kunipa ushindi. Munga alikuwa nyuma ya watu, ameshika ukuta, ananitikisia kichwa kwamba niseme ndiyo, machozi yanamtoka.

Nilitaka kulisema. Mdomo ulikuwa umeshafunguka kulisema. Namwandikia atakayesoma hapa, hata kama ni mimi mwenyewe siku nyingine: niliutazama ule ufunguo na niliutaka.

Kisha nikakumbuka kwamba nilimwita mwizi kila Jumapili tangu Machi.

"Sijaridhika," nikasema. "Fungua. Anza na yangu."

Kelele zikafa. Odhiambo akasema, "Sista, wacha," nikamwambia anyamaze. Bi Pascalia akapiga magoti, akakata waya wake mwenyewe, na ilipotoka bloku akatia chombo chake cha kupimia tundu la pistoni. Akapima. Akapima tena. Tundu lilikuwa pana kuliko la duka. Alinyanyua macho akamtazama Munga kule ukutani, kisha akajitazama mikono yake, nami nikajua anakumbuka mvua ya siku ile na kibaraza cha jirani.

Ya Odhiambo ilifunguliwa pia, kama ilivyo kanuni. Kama ilivyotoka dukani.

Jumatatu, 9 Juni

Pointi zangu zote tangu Aprili zimefutwa. Nimefungiwa misimu miwili, Munga haruhusiwi kukanyaga yadi tena. Odhiambo ndiye bingwa.

Nilimpigia. "Mbona hukuomba badili wewe, mwezi wa tano? Ulishajua."

"Nilidhani unajua," akasema. "Nikaenda kwa brathako nimuulize, akalia hapo mbele yangu. Akasema wewe hujui kitu, alikuwa anataka tu upate yako. Sasa mtu hajui, nitamwanikaje mbele ya watu?"

Nikamwambia hongera. Na kwamba meno ya cheni ameyachagua vizuri. Akacheka, mara ya kwanza namsikia akicheka, au labda hucheka siku zote na mimi ndiye sikuwahi kusikiliza.

Jumanne, 10 Juni

Nimemweleza Mzee Kiponda yote, nimesimama mlangoni.

"Basi ndiyo maana ilikuwa yanywa," akasema. Akauchukua ufunguo, akauzungusha kidoleni. Nikajua nimekwisha. "Irudishwe ilivyokuwa. Kisha kesho kutwa asubuhi uje uuchukue. Na jioni unirudishie."

"Ahsante, mzee."

"Na taa ya nyuma ina ufa."

Jumatano, 11 Juni

Munga amenipokea gerejini bila kuniangalia. Pistoni ya zamani na bloku yake alikuwa amevihifadhi muda wote kwenye debe la rangi, amevifunga kwa kitambaa. Nilimwambia yote niliyokuwa nayo, kwa sauti ambayo jirani alitoka kibarazani kusikiliza. Alisema, "Ulisema kuliko chakula, dada." Nikalia mimi, akalia yeye, hatukukumbatiana. Kisha akaanza kufungua.

Bloku ilipotoka mvua ikaanza, hii ya mwisho mwisho, nyembamba. Bati likadondosha juu ya benchi. Munga akajipangusa uso kwa mkono wa shati, akasema bila kugeuka, "Dada, umeshinda na njaa. Nenda basi kwa Fancy kachukue mahamri."

Labda alikuwa ananihurumia tu. Mpaka sasa sijui.

Nikavuta benchi, nikakaa chini ya lile tundu linalodondosha, mvua inaniingia shingoni, macho kwenye mikono yake mpaka boliti ya mwisho.